Binti yangu anataka PCM awe injinia, shemeji yangu hataki kusikia. Naombeni ushauri

Mama Cherehani (Makambako):

Habari zenu wadau. Naandika usiku huu maana mchana nashinda na kazi za watu, mtanisamehe nikirefusha.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ni fundi nguo hapa Makambako. Binti yangu mkubwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka amepata divisheni wani ya pointi 16. Fizikia B, kemia B, hesabu C, baiolojia C. Kwenye ukoo wetu ndio wa kwanza kupata wani, nililia nilipoona, jirani akaja akidhani tuna msiba.

Huyu mtoto tangu mdogo ni wa kufungua vitu. Alipokuwa kidato cha pili cherehani yangu ilikuwa inaruka mishono, fundi anataka elfu thelathini na anakaa nayo siku tatu, na mimi nina sare za shule za watu zinasubiri. Yeye akachukua bisibisi akakaa chini akaniuliza mama sindano ikishuka kile kidude cha chini kinatakiwa kiikute wapi, tukawa tunazungusha gurudumu kwa mkono polepole tunachungulia, akalegeza skrubu moja, akasogeza kidogo sana, akakaza. Mpaka leo inashona. Kwahiyo aliposema mama mimi nataka PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, nikawe injinia wala sikushangaa.

Shida ni shemeji yangu. Baba yao alifariki na shemeji ndio amekuwa akinisaidia, hosteli ya kidato cha tatu na cha nne kalipa yeye, nisingeweza peke yangu. Amenipigia simu anasema abadilishiwe haraka awekwe CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, au aende moja kwa moja chuo cha afya akawe nesi, uinjinia ni kazi ya wanaume, atashinda porini na wanaume, ataharibika, alafu ataolewa na nani. Na mawifi nao wako upande wake. Sio watu wabaya jamani, wanampenda mtoto, ndio maana napata shida, wangekuwa wabaya ningejua la kufanya.

Dirisha la kubadilisha kombi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, kwenye mtandao wa TAMISEMI likifunguliwa ndio basi. Nauliza mambo matatu. Hiyo C ya hesabu inatosha au nampeleka mtoto kuumia? Kuna diploma na kuna kidato cha tano, ipi njia nzuri kwa mtoto asiye na baba wa kulipa? Na la tatu ndilo linaninyima usingizi, huko kazini msichana yuko salama? Kama kuna mabinti humu waliopitia waniambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Nondo12:

Shikamoo mama. Mimi ni binti, injinia wa ujenzi, niko saiti ya barabara kanda ya kati huku. Nimesoma hii wakati wa chakula cha mchana nikarudia mara mbili, ile ya sindano na kidude cha chini imenigusa kweli, maana mtu anayeuliza hiki kinatakiwa kikutane na kile wapi tayari kichwa chake kiko huko.

Ukweli umeutaka, nakupa wote.

Mimi chuo nilikuta darasani wasichana hatufiki kumi. Mkigawanywa makundi ya maabara au ya upimaji kila kundi linapata msichana mmoja, na huyo msichana anapewa daftari. Hakuna anayekufanyia ubaya, wanakwambia tu wewe una mwandiko mzuri, andika. Basi wavulana wanashika livo, kile kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, wanashika fito, wanasoma namba, mimi naandika. Ripoti yetu inapata alama nzuri na ni mimi niliyeiandika usiku, nikajiona niko vizuri. Mwaka ukaisha nikaenda fildi ya kwanza, zile wiki nane za mafunzo kwa vitendo, injinia wa pale akaniambia haya kaseti livo pale tuanze. Nikasimama. Mama, nilikuwa sijawahi kuiweka mwenyewe kwenye miguu yake mitatu hata siku moja, kile kipovu cha kukalisha katikati nilikuwa nakiona kwa mbali tu watu wakikihangaikia. Nililia chooni, na choo chenyewe nitakusimulia.

Aliyeniokoa ni fomeni mmoja, mzee wa darasa la saba. Akaniambia binti leo huandiki, leo unapima slampu. Ile ni koni ya chuma ya kimo cha milimita 300, unaijaza zege mara tatu, kila safu unaishindilia na kile kifimbo cha chuma mara 25, alafu unainua koni moja kwa moja juu bila kuyumba na unaangalia zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kidogo sana ni gumu kumwagika, likianguka sana kuna mtu kaongeza maji. Mara ya kwanza niliinua vibaya likaanguka upande. Akasema rudia. Nilirudia siku nzima, mgongo ukauma, jioni lori la zege likaja nikalipima mbele ya dereva na nikalikataa, maji yalizidi. Dereva akamwangalia mzee, mzee akamwambia umemsikia injinia. Nilikuwa mwaka wa kwanza, sio injinia wala nini. Hiyo sentensi ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Kwahiyo kama kuna kitu kimoja cha kumwambia mdogo wangu kabla hajaondoka nyumbani ni hiki, kwenye kila kundi ashike kifaa kwanza, kuandika baadaye. Wakimpa daftari aseme sawa leo naandika, kesho anaandika fulani. Aseme siku ya kwanza kabisa, maana ikipita wiki ya tatu wameshazoea na yeye kashazoea.

Sasa choo. Saiti niliyofanyia fildi ya pili kulikuwa na shimo moja limezungushiwa mabati, wanaume zaidi ya hamsini, mlango haufungi. Nikawa sinywi maji toka asubuhi mpaka jioni kwenye jua lile, mwezi haujaisha nikapata yuti-ai, maambukizi ya njia ya mkojo, homa na maumivu mpaka nikalazwa siku mbili. Nilificha sababu kwa aibu. Leo nikifika saiti mpya kitu cha kwanza naulizia choo cha wanawake, na nimejifunza kuuliza kwenye kikao mbele ya mkandarasi na mhandisi mshauri, sio pembeni, kwa sababu huduma kama hizo anazilipwa mkandarasi kwenye mkataba, sio hisani yake. Mwambie mdogo wangu anywe maji, aulize choo kwa sauti.

Na vifaa. Buti za saiti zinaletwa namba 42 mpaka 45, mimi navaa 38. Nilivaa soksi tatu mwaka mzima. Ovaroli za kiume zinabana nyonga na mabega yanapwaya. Unaweza kuona ni vitu vidogo ila buti likipwaya kwenye ngazi ya jukwaa la kupandia unaanguka.

Kuhusu usalama wa ile namna nyingine anayoisema shemeji, nisiseme hakuna. Kuna wasumbufu. Ila mama, huko porini kuna kambi, kuna wapishi, kuna wapima udongo, kuna mama lishe, watu wana familia zao. Mimi sijaharibika. Nitarudi jioni niendelee wananiita.

Mzee wa Mtaa:

Dada yangu, mimi nitakuwa tofauti na wenzangu na usinichukie. Mpwa wangu amesoma mekanika digrii miaka minne, kamaliza 2018, leo ana pikipiki ya mkataba. Mtoto wa kiume huyo, mwenye nguvu zake. Tumemuuzia shamba asome. Sasa nyinyi mnamtia moyo huyu mama mjane na hizo hadithi za zege, mkishamaliza kuandika nani atamlisha huyo binti akikosa ajira? Nesi hata zahanati ya mtaani atapata pa kuanzia. Shemeji yake ndiye aliyetoa hela, asipuuzwe. Nasema kwa uchungu kwasababu nimeyaona nyumbani kwangu.

Koili ya Shaba:

Mzee wangu shikamoo, pole kwa mpwa wako, na hujasema uongo, ajira ni ngumu. Ila naomba nijibu kwa sababu mimi ni fundi sanifu wa umeme, mwanamke, na kwetu dada yangu ni nesi. Dada alikaa miaka mitatu nyumbani anasubiri tangazo la ajira za afya. Kusubiri kupo kote kote, kwahiyo kumhamisha mtoto kutoka anachokiweza kwenda asichokipenda kwa ajili ya ajira ni kumpeleka foleni nyingine tu, na huko anasubiri akiwa hana hamu.

Mama Cherehani, kuhusu swali lako la pili. Mimi nilipita diploma na sijutii. Unatoka kidato cha nne unaingia chuo cha ufundi miaka mitatu, DIT pale Dar, Arusha Technical, au MUST Mbeya ambayo kwenu Makambako sio mbali. Wanataka ufaulu wa masomo manne yakiwemo hesabu, fizikia na kemia, na binti yako kavuka hapo mbali sana. Ukimaliza unaitwa fundi sanifu, unashika kazi na mikono inajua kazi. Ukitaka digrii baadaye unapanda, ukiwa na GPA, ule wastani wa alama za chuo, ya 3.0 kwenda juu unaomba kama wengine. Darasani kwetu tulioenda digrii baada ya diploma tulikuwa tunawafundisha waliotoka kidato cha sita jinsi ya kushika multimita, na wao wanatufundisha kalkulasi. Na pesa, tangu mwaka wa masomo 2023/24 bodi ya mikopo inatoa na kwa diploma ila ni kwa fani za kipaumbele, kwahiyo kabla ya kujaza chuo angalieni orodha ya mwaka huo kozi yake imo.

Kidato cha tano nacho ada ya serikali ilifutwa kuanzia 2022, unabaki na michango na vifaa na nauli. Akifanya vizuri sana kidato cha sita kwenye sayansi kuna Samia Skolashipu, inagharamia wale wa juu kabisa wanaokwenda kusoma uhandisi, tiba, sayansi, analipiwa kila kitu. Ni wachache wanapata, usiiweke kwenye hesabu za nyumbani, ila ijue ipo.

Swali lako la tatu. Nitakuambia langu. Kwenye fildi yangu ya mwaka wa pili, kampuni siitaji, msimamizi wangu alikataa kunisainia logibuku, lile daftari unaloandika kazi ulizofanya. Kila wiki inatakiwa isainiwe ndio upate alama, yeye ananiambia njoo jioni tukanywe soda ndio tusaini. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa sijamwambia mtu, naona nikisema wataniambia mimi ndio nimejipeleka. Kilichonisaidia ni kwamba mama yangu alinizoeza kumpigia kila Jumapili na kumwambia kila kitu, nikamwambia, na yeye hakupiga kelele, hakusema rudi nyumbani. Aliniuliza tu mratibu wa fildi chuoni ni nani na ana namba gani. Nikapiga, nikaandika tarehe zote nilizokataliwa saini na maneno aliyosema, ndani ya wiki nikahamishiwa karakana nyingine ya kampuni ileile kwa msimamizi mwingine na logibuku ikasainiwa kazi zote. Siku hizi vyuo vingi vina dawati la jinsia, binti ajue liko chumba namba ngapi kabla hajalihitaji.

Hapo "hakusema rudi nyumbani" ndipo naomba upaelewe mama. Wasichana wengi hatusemi kwa sababu tunajua tukisema nyumbani watatuondoa. Shemeji atasema si niliwaambia. Kwahiyo unanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakompa yule mtu nguvu. Muahidi mapema, mwambie ukiniambia jambo baya sitakuondoa, tutalitatua ukiwa hukohuko.

Ticha wa Fizikia:

Mama habari za kazi. Nafundisha fizikia na hesabu shule ya kata, mwaka wa kumi na nne huu. Nijibu ile C.

Kitaifa wanaofaulu hesabu kidato cha nne ni kama robo tu ya watahiniwa, matokeo ya 2023 na 2024 yote yalikuwa asilimia 25 na ushee. Kwahiyo mwenye C yuko kwenye hiyo robo, na kama ni shule isiyokuwa na mwalimu wa hesabu miaka yote minne, hiyo C ni nzito kuliko B ya mtu wa tuisheni. Muulize alisoma na mwalimu au alisoma na wenzake.

Ila hesabu za kidato cha tano zinakimbia. Kinachowaangusha wengi sio ugumu wa mada mpya, ni aljebra ya nyuma. Mtoto anaelewa kabisa mwalimu anachofanya kwenye kalkulasi alafu anakosea kufungua mabano, kuhamisha fomula, logarithimu, trigonometria ya kidato cha nne. Hapa katikati mpaka Julai ana miezi. Asikimbilie vitabu vya kidato cha tano, achukue hivyohivyo vya kidato cha pili, cha tatu na cha nne afanye maswali ya hizo mada kila siku saa moja na nusu, aandike, asisome kwa macho. Na huo muda aupate kweli. Nisamehe mama, sikufahamu, ila nawafahamu wazazi wangu wa hapa, mvulana anaaga anaenda tuisheni na msichana anaambiwa utaenda ukimaliza vyombo, maji, na kumwogesha mdogo wako, akimaliza ni saa mbili usiku na umeme umekatika. Alafu Novemba tunasema wasichana hawawezi hesabu.

Alichosema Nondo12 kuhusu daftari kimenichoma kwa sababu kinaanzia kwangu. Kwenye mazoezi ya vitendo, pendulamu, springi, mita briji, nilikuwa naweka meza za mchanganyiko watoto wanne wanne nikijiona natenda haki. Siku moja nikakaa nyuma nikahesabu mikono tu, nani anagusa. Meza sita, tano wameshika wavulana na wasichana wameshika kalamu. Nilikuwa nimefundisha miaka tisa sijaona. Sasa muhula wa kwanza naweka meza za wasichana watupu, wanakosea, wanaunganisha waya kinyume, wanabishana, wanapata. Muhula wa pili ndio nachanganya, na kengele ikilia katikati ya kipindi aliyeshika kifaa anaachia anachukua kalamu. Wavulana walilalamika mwanzo wakazoea.

Kombi zimekuwa nyingi siku hizi, walizipanua 2024 zikafika 65, mtu anaweza kuchanganyikiwa. Kwa uhandisi asitoke kwenye yenye hesabu na fizikia pamoja, vyuo kama UDSM wanataka prinsipo, yaani ufaulu kamili wa kidato cha sita, za hizo mbili. CBG haina hata moja kati ya hizo, yaani shemeji akimbadilisha leo mlango wa digrii ya uhandisi kwa njia ya kidato cha sita unafungwa. Lakini akiwa na PCM bado anaweza kugeuka kwenda mambo mengi. Hiyo hoja mpe shemeji, ni ya hesabu sio ya ubishi. Na kwenye kuchagua shule angalieni za wasichana zenye PCM, Msalato ya Dodoma, Kilakala, Tabora Girls, na hizi mpya za mikoa 26 zilizojengwa kwa ajili ya sayansi kwa wasichana. Huko hakuna wa kumpa daftari, lazima kila kifaa kishikwe na msichana.

Mtu wa Forodhani:

Mie niko Unguja. Hilo la kazi ya kiume sie huku limeshatupita kidogo, 2021 Katibu Mkuu Kiongozi wetu aliwekwa Mhandisi Zena Ahmed Said, na kabla ya hapo alikuwa Katibu Mkuu Wizara ya Nishati huko bara. Wizara ya Ujenzi bara Katibu Mkuu amewahi kuwa Balozi Mhandisi Aisha Amour. Hao wakandarasi wanaume wote waliokuwa wanapita kutafuta kazi za barabara barua zao zilikuwa zinamwendea yeye. Mwonyeshe shemeji picha zao, ni watu wazima wenye heshima zao na mitandio yao. Mtoto wangu wa kike yuko skuli darasa la tano, nimesoma nyuzi hii yote nikamwita akanisaidia kufunga feni, nilikuwa namwambia atoke asiguse.

Nondo12:

Nimerudi, samahani leo tulikuwa na lami.

Kwa Mzee wa Mtaa, nakuheshimu sana. Naomba umuulize mpwa wako kama alijisajili Bodi ya Wahandisi. Wengi wanamaliza hawajui, sheria iko tangu 1997, ukishamaliza digrii unasajiliwa kama mhandisi mhitimu na kuna mpango unaitwa SEAP, miaka mitatu unafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu anakusimamia na kukusainia ndio uwe mhandisi mtaalamu. Mimi niliingia huko nikiwa nimekaa nyumbani miezi kumi na moja nimekata tamaa kabisa. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili mabinti kwenye mpango huo na dada zangu kadhaa wamepita hapo wako TANROADS, wakala wa barabara, na mamlaka za maji leo. 2018 sio mbali, hajachelewa. Ikiwezekana aniandikie pembeni nimweleze nyaraka zinazotakiwa.

Mama, kwa shemeji mimi nisingeenda na hoja. Ningeenda na mtoto na cherehani. Hajawahi kumwona akifanya, si ndio? Anamjua kwa simu na kwa ada.

Mzee wa Mtaa:

Sikujua hilo la mpango wa bodi. Nitamwambia leo leo. Ubarikiwe binti yangu.

Mama Cherehani (Makambako):

Wadau nimekaa siku sita kimya, nisameheni.

Niliwasomea hii yote mtoto na wadogo zake. Ile ya logibuku niliisoma peke yangu kwanza nikafikiria niiruke, alafu nikamsomea, na nikamuahidi kama ulivyosema Koili ya Shaba. Alikaa kimya muda mrefu alafu akaniambia mama kuna mwalimu mmoja kidato cha tatu. Hayo nitayamaliza mimi na yeye, ila nashukuru sana, nisingejua.

Ticha, alisoma hesabu na wenzake. Mwalimu alikuja kidato cha nne mwezi wa tatu. Na lile la vyombo ni kweli, ni kwangu pia, nimempa mdogo wake wa kiume vyombo vya jioni, ana miaka kumi na mbili mikono anayo.

Shemeji alikuja Jumamosi. Nilifanya alivyosema Nondo12 bila kusema neno lolote la PCM. Kuna mama mwenzangu kaleta cherehani yake haivuti kitambaa, nikaiweka mezani, mtoto akaifungua pale mbele ya baba yake mdogo. Shemeji kwanza alikuwa kwenye simu yake. Baadaye akavuta kigoda. Ikawa hivi, mtoto anamwambia baba nishikie tochi hapa, anashika, baba zungusha hilo gurudumu polepole, anazungusha. Meno ya chini yalikuwa yamejaa pamba na skrubu imelegea. Ilipovuta kitambaa shemeji akaniuliza hii fundi angechukua bei gani, nikamwambia.

Hajakubali. Sitaki kuwadanganya. Alipoondoka alisema suala la kombi tuliache mpaka dirisha lifunguliwe, na akauliza hizo shule za wasichana tupu ziko wapi, ile ya Dodoma nauli ni kiasi gani. Mwanzo alikuwa anasema CBG na hakuna mjadala. Ile ya diploma Mbeya hakuipenda kabisa anasema bado mdogo kukaa geto, na hapo hata mimi niko naye, kwahiyo tukipata tunaenda kidato cha tano.

Nondo12 mtoto ana swali anasema lazima niliandike. Amesoma ile ya slampu akatafuta mengine mtandaoni akakuta zege linawekwa kwenye vibokisi linavunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Anauliza hizo siku zote vinakaa wapi, na kwanini 28 sio 30.

Nondo12:

Mwambie vinakaa kwenye maji! Tunajaza vibokisi vya chuma vya milimita 150 kila upande, kesho yake tunafungua, tunaandika namba na tarehe, tunavizamisha kwenye tanki mpaka siku yake. Zege halikauki kama udongo, saruji inakula maji ndio inakuwa ngumu, ukilinyima maji linabaki dhaifu. Siku ya 7 linakuwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake, kwahiyo ukivunja siku ya 7 ukaona namba ndogo unajua mapema kuna tatizo, husubiri mwezi.

Na 28 ni wiki nne kamili. Ukimwaga Jumanne unavunja Jumanne, haikuangukii Jumapili maabara imefungwa.

Aniulize na mengine. Na mama naomba unitajie anavaa kiatu namba ngapi, kama ni 38 au 39 nina buti moja la zamani soli bado nzima, lori letu linapita Makambako mwisho wa mwezi.

Mama Cherehani (Makambako):

39. Anasema 39 na soksi moja.